Kusomwa si Kusikiwa

(Mazungumzo ya redio ya asubuhi)

Tukae pamoja kwa dakika chache kabla kazi za leo hazijatuvuta huku na huku. Kama una chai mbele yako, endelea kunywa. Kama una simu mkononi, nakuomba uiweke chini kidogo, kwa maana mazungumzo yetu ya leo yanaihusu.

Nitaanza kwa kuwaeleza kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2022 mvua zilikataa katika Kajiado. Mtakumbuka jinsi ilivyokuwa: msimu baada ya msimu hapakuwa na mvua ya kutosha, malisho yakaisha, na mizoga ya ng'ombe ikaonekana kando ya njia. Mimi nakaa Kitengela kwa ajili ya kazi. Ndugu yangu mkubwa amebaki nyumbani, upande wa Kajiado, akitunza mifugo. Siku moja mwezi wa Oktoba, nikiwa kazini, simu ililia. Ndugu yangu alikuwa ameniandikia ujumbe mrefu, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema kwamba ng'ombe watatu wamelala na hawawezi kuinuka tena, na kwamba akipata marobota ya nyasi upesi, huenda waliobaki wakaokoka.

Nikausoma ujumbe ule haraka haraka. Moyoni nikasema, "Ijumaa nikipata mshahara nitamtumia fedha." Lakini kidole changu kiliandika neno moja tu: "Sawa." Nikairudisha simu mfukoni, nikaendelea na kazi.

Ijumaa nikatuma fedha kwa M-Pesa. Jibu likaja: "Asante kwa msaada." Nikafurahi, nikajiona mtu aliyetimiza wajibu wake.

Miezi ikapita. Ndugu yangu hakunipigia simu, wala mimi sikuona ajabu. Mvua iliponyesha mwaka uliofuata, nikapanda matatu kwenda nyumbani. Ni mwendo wa saa moja tu hivi, kupitia Isinya. Shemeji yangu ndiye aliyenieleza. Neno langu "Sawa" lilisomwa kama mlango unaofungwa. Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Ndugu yangu aliona amefukuzwa. Alingoja siku mbili, akaona kimya, akauza fahali wake kwa bei ya kutupa ili anunue nyasi. Fedha zangu zilipofika, aliandika "Asante kwa msaada" kwa uchungu, nami nikayasoma maneno yale kama shukrani.

Je, wasikilizaji, mnaona? Mimi niliandika neno jema, likasomwa kama dharau. Yeye aliandika neno la uchungu, likasomwa kama shukrani. Hakuna aliyesema uongo, na simu haikuharibika. Kila ujumbe ulifika, lakini sisi ndugu wawili hatukufikiana kwa muda wa miezi kadhaa.

Basi leo nataka tuulize: kuandikiana huku kwa simu, na mitandao hii ya kijamii, kunafanya nini katika uwezo wetu wa kuzungumza na kusikilizana?

Kwanza, tujue kitu hiki kilitoka wapi. Mwaka 1985 huko Bonn, Ujerumani, mhandisi mmoja aitwaye Friedhelm Hillebrand alikaa na mashine yake ya kupiga chapa, akaandika sentensi na maswali ya kawaida ya watu, kisha akahesabu herufi. Akaona kwamba karibu kila jambo lilitosha katika herufi 160. Kipimo hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe wa kwanza ulitumwa huko Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nao ulikuwa salamu za Krismasi.

Kwetu Kenya simu za mkono zilianza kuenea kwa watu wa kawaida tangu mwaka 2000. Kupiga simu kulikuwa ghali, basi tukajifunza kuandika, na kuandika kwa kubana. "Sijui" ikawa "cjui." "Tutaonana" ikawa "2taonana." Baadaye WhatsApp, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, ikatufungulia makundi: kundi la ukoo, kundi la chama, kundi la kwaya, kundi la wazazi wa shule, kundi la wapangaji.

Hapa Kitengela jambo hili limetushika zaidi. Mji huu, ambao zamani ulijulikana kama Noonkopir, ulikuwa kituo kidogo cha biashara katikati ya nchi ya malisho. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Kaunti nzima ya Kajiado ilitoka watu 687,000 hivi mwaka 2009 ikafika zaidi ya milioni 1.1 kwa muda wa miaka kumi tu. Tumekuja kutoka kila pembe ya Kenya kutafuta kazi na kiwanja. Tunakaa ukuta kwa ukuta na watu tusiowajua nyumbani kwao wala ukoo wao, na wengi wetu tunajuana ndani ya kundi la simu kabla ya kujuana uso kwa uso. Watu wawili hukosana vikali usiku ndani ya kundi juu ya maji au takataka. Asubuhi hukutana langoni, wakapita kama wageni, kila mmoja akitazama simu yake.

Sasa linganisheni na desturi ya wenyeji wa nchi hii. Mmaasai akifika bomani hakimbilii haja yake. Mwanamume husalimiwa "Sopa," naye huitika "Epa." Mwanamke huambiwa "Takwenya," naye huitika "Iko." Mtoto huinamisha kichwa ili mkubwa amguse. Kisha habari huulizwa: ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, ya njia. Mgeni wa mjini huweza kuona kwamba muda unapotea. Lakini wakati huo wote mwenyeji anaisikia sauti ya mgeni wake na kumtazama uso. Haja inapotajwa, mwenyeji ameshajua kama mtu huyu amekuja na furaha au na msiba.

Hayo ndiyo yanayopungua katika maandishi. Nitayataja matatu.

La kwanza ni sauti. "Sawa" ya mtu mwenye furaha, "sawa" ya mtu aliyechoka na "sawa" ya mtu aliyekasirika ni maneno matatu kwa sikio, lakini kwa jicho ni neno moja. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani, Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao, walitangaza jaribio walilofanya juu ya jambo hili. Watu walipeleka maneno, mengine ya kweli na mengine ya kejeli, baadhi kwa maandishi ya kompyuta na baadhi kwa sauti. Waliopeleka walidhani kwamba wataeleweka kama mara 78 katika 100. Waliosikilizwa kwa sauti walieleweka karibu kama walivyodhani, yaani mara 73 hivi. Walioandika walieleweka mara 56 tu, na mtu akibahatisha bila kusoma hupata 50! Tatizo kubwa ni kwamba mwandishi hajui kama hakueleweka. Anapoandika, anaisikia sauti yake mwenyewe moyoni, akadhani msomaji naye anaisikia.

La pili ni faraja. Mwaka 2012 Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwapa wasichana wadogo kazi ngumu ya kusema na kufanya hesabu mbele ya watu. Wasichana wakaingiwa na wasiwasi. Kisha wengine walikutana na mama zao, wengine wakazungumza nao kwa simu, wengine wakaandikiana nao, na wengine wakaachwa peke yao. Waliomsikia mama, iwe ana kwa ana au kwa simu, miili yao ilitulia, na hilo lilionekana katika vipimo vya homoni. Walioandikiana na mama walibaki kama wale walioachwa peke yao. Mama zangu mnaosikiliza, fikirini jambo hili. Mama yule yule aliandika kwa upendo ule ule, lakini mwili wa mtoto uliitambua sauti yake kuliko maandishi yake.

La tatu ni zoezi. Kusikiliza, kungoja mwenzako amalize, kuona kwamba uso wake umebadilika, kuomba radhi ukiwa umemtazama: hayo yote ni kama kukamua ng'ombe au kupiga kinanda. Asiyefanya hujisahau. Nimewaona vijana wenye akili sana, wanaoweza kuandika kurasa nzima kwa kidole gumba, lakini wakiambiwa wampokee mgeni, wanatafuta mahali pa kujificha. Si vijana tu. Nasi wazee tumejifunza kumwachisha mtu kazi na kudai deni kwa ujumbe, kwa sababu hatutaki kuyaona macho yake.

Lakini tusiwe watu wa kulaumu kila kitu kipya. Walimu wengi walihofu kwamba vifupisho vya simu vitaua tahajia ya watoto. Huko Uingereza, Beverly Plester na Clare Wood pamoja na wenzao waliwapima watoto 88 wa miaka 10 hadi 12, wakatoa matokeo yao mwaka 2009. Hawakuona kwamba wanaotumia vifupisho husoma vibaya zaidi, bali waliovitumia sana walisoma vizuri. Tena simu zimetutendea mema mengi. Kiziwi anaweza kumwandikia rafiki yake aliye mbali. Mtoto aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo huwapelekea wazazi picha yake. Mwaka 2020, makanisa yalipofungwa kwa ajili ya Korona, ujumbe wa simu ulitusaidia kujua nani mgonjwa na nani hana unga. Kwa hiyo sisemi, "Tupeni simu zenu." Nasema kwamba kila chombo kina mzigo wake. Baiskeli ni chombo kizuri, lakini hubebi ng'ombe juu yake.

Tena tumekwisha kuona maneno yasiyo na uso yanavyoweza kuua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yetu iliwaka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Ujumbe wa chuki ulipita kutoka simu hadi simu, kabila likitukana kabila, hata serikali ikafikiria kuizima huduma ile ya ujumbe. Badala yake, ujumbe wa kuhimiza amani ulitumwa kwa mamilioni ya simu. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya uwiano na utangamano wa taifa, inayokataza maneno ya chuki. Wengi waliopeleka ujumbe ule wasingeweza kusema maneno yale mezani kwa jirani yao. Kidole kilipata ujasiri ambao ulimi haukuwa nao. Methali yasema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi, ndugu zangu, kidole kimekuwa ndicho ulimi.

Je, Neno la Mungu lasemaje? Huenda mtu akasema, "Biblia haikujua simu." Ni kweli. Lakini Biblia ilijua barua, na sehemu kubwa ya Agano Jipya ni barua. Fungua Waraka wa Pili wa Yohana, wenye mistari 13 tu. Katika mstari wa 12, mzee Yohana asema kwamba anayo mengi ya kuwaambia, lakini hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino. Anatumaini kufika kwao na kusema nao wenyewe, ili furaha ikamilike. Katika waraka wa tatu, mwishoni, anarudia jambo lile lile. Tazameni! Mtu aliyeandika kwa uwezo wa Roho alijua kwamba yako mambo ambayo wino hauyatoshi.

Naye Paulo, alipowaandikia Wagalatia kwa ukali, alifika katika sura ya 4, mstari wa 20, akatamani kuwa pamoja nao saa ile ili aigeuze sauti yake. Aliona shida ile ile niliyoipata mimi na neno langu "Sawa." Barua ilibeba maneno yake, lakini haikubeba sauti yake, naye aliona wasiwasi kwa ajili yao.

Tena Mungu mwenyewe, baada ya kusema nasi kwa manabii na kwa maandiko, hakutosheka na hayo. Alimtuma Mwanawe akae kati yetu, aguse wenye ukoma, ale mezani na watoza ushuru, alie kaburini pamoja na wafiwa.

Basi tufanye nini? Nitatoa mashauri manne, nayo yote yanawezekana wiki hii.

Shauri la kwanza: jambo zito lipelekwe kwa mdomo. Msiba, ugonjwa, deni, ugomvi, kuomba msaada na kuomba radhi, hayo si mambo ya kuandika tu. Kama unaweza kufika, fika. Kama huwezi kufika, piga simu mwenzako akusikie. Ukikosa vyote viwili, andika, lakini andika maneno ya kutosha. Laiti ningeandika, "Nimesikia, ndugu yangu, naumia pamoja nawe, Ijumaa nitatuma fedha." Maneno hayo hayakuzidi hata herufi 160! Fahali yule angekuwa bomani mpaka leo.

Shauri la pili: uulize kabla ya kukasirika. Mithali 18:13 yamhesabu kuwa mjinga mtu atoaye jibu kabla hajasikia. Ukisoma ujumbe ukachomwa moyo, usijibu saa ile. Mpigie mwenzako, umwulize, "Ulikuwa na maana gani?" Yakobo naye, katika sura ya 1, mstari wa 19, ataka masikio yetu yatangulie, ulimi ufuate polepole, na hasira ichelewe sana njiani.

Shauri la tatu ni la nyumbani. Wakati wa chakula cha jioni, weka kikapu mezani, na kila simu iingie humo, ya baba ikiwa ya kwanza. Kisha ulizaneni habari za siku. Tena wapeni watoto kazi ya kusema. Mtume mtoto kwa jirani na salamu, si na ujumbe. Mwache ampokee mgeni, amkaribishe kiti, amwulize habari ya safari. Msikate tamaa mkiona wanasitasita. Mwaka 2014 watafiti wa California walieleza habari za watoto 51 waliokaa kambini siku 5 bila simu wala televisheni. Waliporudi, walijua kusoma nyuso za watu vizuri kuliko wenzao waliobaki na vyombo vyao. Siku 5 tu! Kwa hiyo kilichopungua kwa kukosa zoezi huweza kurudi kwa zoezi.

Shauri la nne ni la kanisani. Bwana Yesu, katika Mathayo 18:15, ametufundisha kwamba ndugu akikukosa, umwendee wewe na yeye peke yenu. Hakusema umwonye mbele ya kundi la watu 200 wanaosoma kwa siri bila kujibu. Enyi wazee wa kanisa, viongozi wa kwaya, akina mama wa vyama, tangazeni ndani ya kundi saa za mkutano na mahali pa mazishi. Lakini lawama zipelekeni kwa miguu.

Namalizia pale nilipoanzia.

Siku ile nilipofika nyumbani, nilimkuta ndugu yangu chini ya mti nje ya boma. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nilikukosea." Hakujibu mara moja. Akaniambia niketi. Kisha akaniuliza habari za watoto, za kazi, za njia, kama desturi yetu ilivyo, nami nikamwuliza zake. Ndipo akaanza kunieleza habari za ng'ombe waliokufa, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao na rangi zao, nani alikuwa mama wa nani, na nani alianguka siku gani. Walikuwa 11. Nilikuwa nimejua hesabu ile kwa simu zamani, lakini sikuwa nimewahi kusikia majina yao. Nilikaa nikasikiliza mpaka jua likashuka. Sikuwa na neno la hekima la kumpa. Alipomaliza, akamwita shemeji alete chai, nasi tukanywa pamoja.

Mpenzi msikilizaji, huenda nawe yuko mtu aliyekuandikia jambo zito, nawe ukamjibu "Sawa." Huenda ni mama yako, au mkeo, au mtoto aliye shuleni. Usimwandikie tena leo. Mwendee, au umpigie, kisha unyamaze umsikilize.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetujia uso kwa uso, utusamehe maneno mafupi tuliyowapa watu wenye shida ndefu. Utupe masikio ya kungoja na miguu ya kwenda. Katika jina la Yesu, Amina.

Mpaka tutakapokutana tena katika kipindi hiki, kwaherini, na amani iwe nyumbani kwenu.